Mtufaha Uliofungwa kwa Soksi ya Zambarau

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande umeganda mweupe kwenye nyasi za Cygnet, mji wetu mdogo wa bonde la Huon, na Gaylene Tully hajanywa hata chai. Yuko barazani kwake, gauni la kulalia ndani, koti la mumewe juu, gambuti miguuni, ameinamia vyungu sita vilivyofungiwa kwenye kizimba cha wavu wa kuku.

"Usinisemeshe kwanza," ananiambia bila kugeuka. "Subiri... subiri... Ala! Kel! Kel, njoo huku!"

Kutoka ndani, mumewe anajibu kwamba yumo bafuni.

"Toka bafuni! Cha tatu kimevimba!"

Katika kila chungu kuna mche mwembamba wa mtufaha uliokatwa kichwa, na juu ya kila mche kimefungwa kijiti chenye urefu wa kidole. Kijiti cha tatu kina jicho la kuchipulia lililotuna kidogo, dogo kuliko punje ya mtama. Kwa mtu mwingine hakuna hapo cha kumtoa mwanamume bafuni. Lakini usimwambie hivyo Gaylene, maana jicho hilo ndilo litakaloamua kama bibi wa miaka themanini na minne atahama nyumba yake kwa amani au atatolewa akiwa amebebwa pamoja na kiti chake.

Gaylene ana miaka hamsini na minane. Anatunza bustani za watu, nyumba hii leo, ile kesho, tangu banda la kufungashia matufaha alilofanyia kazi ujanani lilipofungwa. Anatoza dola arobaini kwa saa, na mvua ikinyesha hakuna saa. Juni mwaka huu ilinyesha karibu mwezi mzima.

"Tulikula maboga mpaka Kel akaanza kubadilika rangi," anasema, kisha anacheka mwenyewe kwa sauti inayosikika hadi kwa jirani.

Ukimuuliza kwa nini asitafute kazi ya ndani wakati wa baridi, atakutazama kama umemtukana mama yake. Kwake baridi ndiyo msimu. Anapanda vitunguu saumu siku zinapokuwa fupi kabisa, anapogoa waridi na matufaha Julai vidole vikiwa vimekufa ganzi, na Agosti kila dirisha la nyumba yake linajaa trei za mayai zenye viazi vya mbegu vinavyosubiri kuchipua. Huku kwetu, mtu akikosa viazi vipya mezani siku ya Krismasi atachekwa mpaka Pasaka.

"Watu wanasema bustani imelala. Imelala wapi?" anauliza. "Chini kule kuna pilikapilika kuliko jiko la harusi! Mimi ikifika Septemba silali. Naamka nakwenda kuchungulia. Kila siku kuna kitu kipya, na kila siku napiga kelele. Muulize Kel."

Kel, aliyekwisha kutoka bafuni, anaitikia kwa kichwa. Amezoea.

Mji mzima unamjua Gaylene kwa vitu viwili, hiyo sauti na soksi. Kila nyumba anamofanya kazi huomba soksi ndefu za kike zilizochakaa, na hizo ndizo kamba zake. Anafungia miti michanga, mizabibu, mizigo ya matawi, hata mlango wa pikapu yake.

"Kamba inaukaba mti. Waya ndio kabisa, unaukata koo. Soksi inavutika, mti unanenepa nayo," anaeleza. "Lakini mara ya kwanza nilipomwomba mwanamume soksi za mkewe, nusura nipigwe."

Na kwa soksi ndipo habari ya vile vyungu sita inapoanzia.

Mteja wake wa miaka mingi kuliko wote ni Nance Duggan, mjane anayeishi kwenye mteremko unaotazama ghuba. Nyuma ya nyumba yake, kando ya kamba ya kuanikia nguo, ulikuwepo mtufaha mkongwe alioukuta siku alipoolewa. Matunda yake yalikuwa makubwa, ya kijani, machachu ya kukunja uso. Ukiyatia kwenye sufuria yanaumuka povu jeupe, na pai zilizotoka humo ziligombaniwa kila mnada wa kanisa. Hakuna aliyejua jina la tufaha hilo. Wakulima wa bonde zima la Huon waliwahi kuyaonja, kila mmoja akataja jina kwa uhakika kabisa, na hakuna majina mawili yaliyofanana.

Mwezi wa nne Bi Nance alianguka bafuni. Binti yake, Jillian, alimtafutia nyumba ndogo kwenye makazi ya wazee huko Huonville, karibu na daktari, yenye kibustani cha ukubwa wa shuka mbili. Nyumba ya zamani ikauzwa, na wenyewe wapya wanaingia mwisho wa Oktoba. Bi Nance alisaini kila kilichotakiwa. Kisha akakataa kufunga mizigo.

"Mti usipokwenda, mimi siendi," alimwambia binti yake. "Mtanibeba na hiki kiti."

Gaylene alikuwepo, anafagia majani. "Nikafungua mdomo wangu huu mpana," anasimulia. "Nikamwambia, Bi Nance, nakuahidi, mtufaha wako utafika Huonville kabla ya birika lako. Akanitazama. Akasema, haya, tutaona."

Haikuwa ahadi ya kichaa. Mbegu ya tufaha haizai tunda lilelile, kwa hiyo mti wa namna hiyo huendelezwa kwa kubebesha. Wakati wa baridi, mti ukiwa umelala, unakata vijiti vyake, vikonyo kama tunavyoviita, unavitunza mahali pa baridi visiamke. Maji yakianza kupanda kwenye miche michanga mwanzoni mwa majira ya kuchipua, unakibebesha kila kikonyo juu ya mche, unafunga, unaomba Mungu. Gaylene amefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba haombi tena.

Julai aliupogoa mti wa Bi Nance. Vikonyo vizuri kabisa alivitenga, akavivingirisha kwenye gazeti bichi na mfuko wa plastiki ili akavitie kwenye droo ya friji lake. Matawi membamba yaliyobaki yalikuwa na mwenyewe tayari. Ng'ambo ya barabara anaishi mzee Athol Brereton, na kila Julai mzee Athol huvuka na toroli kuchukua vijiti vya kusimikia njegere zake. Wavu wa dukani hautaki. Anasema njegere haipandi plastiki ila kwa kulazimishwa.

Siku hiyo Gaylene aliishiwa soksi. Bi Nance akaingia ndani, akatoka na soksi moja ndefu ya zambarau, nzito, ile anayovaa kanisani ambayo mji mzima unaifahamu. Ilikuwa imetoboka kisiginoni. Ya pili akaibakiza, ingawa Gaylene hakuelewa ni ya nini.

Mzee Athol alipopokea mzigo wake wa pili umefungwa kwa soksi hiyo, alivua kofia. "Miaka arobaini nakaa ng'ambo ya barabara," alisema, "leo ndiyo napewa soksi!"

"Usijipendekeze, Athol," Bi Nance akamjibu. "Hiyo ni kamba."

Gaylene alipokuwa anaondoka, Bi Nance alimpa pia mfuko wa matufaha, ya mwisho katika akiba yake. Kumbukeni mfuko huo.

Katikati ya Agosti ukaja upepo. Uling'oa mabati mawili ya shule, na usiku huohuo mtufaha wa Bi Nance, ambao ulikuwa umeoza ndani bila mtu kujua, ukalala chini pamoja na kamba ya nguo. Mkwe wake alikuja Jumamosi na mashine ya kusaga matawi. Jioni mti wote ulikuwa matandazo chini ya waridi.

"Ningeweza kukata vikonyo vingine palepale," anasema Gaylene, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. "Mti ulikuwa umelala chini lakini bado una uhai. Nikajiambia, vya nini? Ninavyo kwenye friji. Nikasimama nikampa pole mkwewe, nikala na keki."

Septemba ikafika, miche ikaanza kutoa majani ya kwanza. Gaylene alinoa kisu, akapanga vyungu, akafungua droo ya friji. Kwanza aliisikia harufu. Ilikuwa harufu nzuri, tamu, harufu ya matufaha.

Kila mtoto wa Huon anajua, au anapaswa kujua, kwamba tufaha lililohifadhiwa hutoa hewa inayoua macho ya vikonyo. Usione tunda limetulia kwenye friji ukadhani halina kazi. Gaylene alikivuta kikonyo cha kwanza, na macho yakadondoka kama makombo ya mkate. Alikwangua gome kwa kucha. Ndani kulikuwa na rangi ya chai. Cha pili hivyohivyo. Vyote hivyohivyo.

"Nikamrukia Kel," anasema. "Weee! Nilimwita majina ambayo sikujua nayajua. Nikamwambia, ni nani mwenye akili timamu anayeweka matufaha na vikonyo droo moja? Akasubiri nimalize. Halafu akaniuliza polepole, 'Mke wangu, haya matufaha umepewa na nani?'"

Alikuwa ameyaweka mwenyewe, siku ileile, kwa mkono uleule uliobeba vikonyo. Matunda ya mwisho ya mti wa Bi Nance yalikuwa yameviua vijiti vya mwisho vya mti wa Bi Nance, na mti wenyewe upo chini ya waridi, umesagwa.

"Mimi!" Gaylene anajipiga kifuani. "Mimi ambaye nimewagombeza watu kwa kosa hilo tangu nina meno ya utoto! Nilikaa sakafuni mbele ya friji nikalia kama mtoto. Sikuulilia mti, nilimlilia yule bibi. Nilimwona kabisa kwenye kile kiti chake, wanambeba."

Lakini kazi ni kazi, na siku hiyo zamu ilikuwa ya bustani ya mzee Athol. Alikwenda macho yamevimba. Alimkuta mzee ameinama kwenye tuta, anasimika vijiti.

"Nani amekufa?" mzee Athol aliuliza.

"Mti wa Bi Nance."

"Huo ulikufa mwezi wa nane. Umechelewa msiba, binti."

"Umekufa tena, mzee wangu. Vikonyo vyote vimekufa. Nimeviua mwenyewe."

Mzee Athol si mtu wa kubembeleza. Mwanamke akilia mbele yake, humpa kazi. "Basi usinililie kwenye njegere, zitaota chumvi," alisema. "Nenda nyuma ya tangi la maji uniletee mzigo uliobaki. Mmoja umeshaisha."

Nyuma ya tangi lile jua halifiki mwaka mzima. Udongo ni mbichi, kuvu tupu, na baridi inakaa hapo hata Desemba. Gaylene alizunguka huku anajifuta pua kwa mkono wa koti, akainama kushika mzigo, na mkono wake ukagusa kitu laini.

Ilikuwa soksi ya zambarau.

Mzigo ulikuwa umesimama wima, ncha za chini zimechomekwa kwenye udongo ule mbichi kiasi cha shibiri moja, vilevile kama ulivyokaa tangu Julai. Gaylene anasema aliogopa kugusa. Kisha akakwangua kijiti kimoja kwa kucha.

Kijani. Kijani kibichi, chenye maji.

"Nilipiga ukelele," anasema.

"Ukelele?" Kel anadakia kutoka mlangoni. "Mimi niliusikia nikiwa kwenye mashua, navua samaki ghubani."

"Mzee Athol!" Gaylene alipaza sauti siku hiyo. "Hivi vijiti umevichomeka hapa lini?"

"Siku ileile uliponipa. Kwani vipi?"

"Kwa nini umevichomeka?"

Mzee Athol alikuja taratibu, akiwa na hakika kwamba sasa mwanamke huyu amepotewa na akili. "Vikikauka vinavunjika, na vikivunjika njegere zinalala chini," alieleza. "Baba yangu alivichomeka nyuma ya tangi, na mimi navichomeka nyuma ya tangi. Kuna ubaya gani?"

Gaylene alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Friji la kisasa lilikuwa limeua, na matope ya mzee Athol yalikuwa yametunza. Vijiti vilikuwa vimelala kivulini, miguu kwenye baridi, macho yamefumba, vinasubiri tu mtu avikumbuke.

"Acha hizo njegere! Usisimike kingine hata kimoja!"

"Na njegere zangu zipande nini?"

"Nitakununulia wavu!"

"Wavu sitaki!"

Simu ya mzee Athol ikalia. Alikuwa Bi Nance, anaona kila kitu kutoka dirishani kwake ng'ambo ya barabara, anataka kujua Gaylene anapiga makelele ya nini. Mzee Athol akasema ukweli kadiri alivyoweza kuufupisha: "Ameiona soksi yako."

Kazi ya kubebesha ilifanyika mchana uleule kwenye meza ya jikoni ya mzee Athol, kati ya sufuria na gazeti la juzi. Kel alitumwa kuleta miche na kisu. Kikonyo cha kwanza Gaylene alikikata upogo akakitupa. Mzee Athol alimsogezea kikombe cha chai na kumwambia aache ujinga. Baada ya hapo kisu kilikwenda sawa. Vikafungwa sita.

Jioni alivuka barabara akamweleza Bi Nance kila kitu, kuanzia mfuko wa matufaha. Bi Nance alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sijui kama mti upo au haupo," alisema.

"Hatujui bado, Bi Nance. Tunasubiri macho."

"Haya. Na mimi nasubiri."

Maboksi aliyoletewa na Jillian yakabaki yameegemezwa ukutani, hayajakunjuliwa hata moja.

Tangu siku hiyo Gaylene ameishi barazani. Kel alijenga kile kizimba kwa sababu ya posamu, wanyama wa usiku wenye ukubwa wa paka, ambao hula kila chipukizi wanaloliona usiku kisha wakajisaidia hapohapo kwa dharau. Baridi ikizidi, vyungu vinaingia ndani kulala karibu na jiko la kuni. Kikonyo kimoja kimeshakauka. Cha pili kina dalili mbaya. Wakati huohuo kazi za watu haziwezi kungoja, viazi vinataka kuingia ardhini, magugu yameamka na njaa, na Gaylene anarudi nyumbani kila mchana kwa kisingizio cha kusahau chakula.

"Amesahau chakula siku kumi mfululizo," anasema Kel.

Siku nne baada ya asubuhi ile ya jicho kuvimba, napigiwa simu alfajiri. Gaylene hasalimii. "Limefunguka! Njoo! Na Bi Nance anakuja, Jillian anamleta!"

Saa nne baraza imejaa. Mzee Athol amekuja amevaa tai, na hakuna anayethubutu kumuuliza kwa nini. Kel ameshika birika. Bi Nance anashuka kwenye gari kwa fimbo yake, mkoba mkononi, anapanda ngazi moja moja na kumkatalia kila anayetaka kumshika mkono. Gaylene hasubiri salamu. Anakitoa chungu cha tatu kizimbani, anakiweka mezani mbele yake.

Bi Nance anavaa miwani. Anainama.

"Hiki ni jani au ni uchafu?"

"Ni jani, Bi Nance."

Ni jani kweli, dogo kama sikio la panya, limekunjamana, lina vinyweleo vyeupe ukingoni. Chini yake la pili linasukuma. Vyungu vingine vitatu navyo vimeanza kuonyesha kijani.

Gaylene anashindwa kujizuia, maneno yanammiminika. Kimoja kitakwenda Huonville, anasema, kimoja kwa mzee Athol, kimoja kitabaki hapa ili akiba iwepo. Na baridi ijayo yeye na mzee Athol watazunguka Cygnet nzima, kila uani penye mti mkongwe usio na jina, kabla ya upepo kufika. "Tutavichomeka vyote nyuma ya tangi! Friji nimewaachia samaki!"

"Nyuma ya tangi langu," mzee Athol anasahihisha.

Bi Nance hasikilizi. Amefungua mkoba wake na anapekua, anatoa leso, anatoa peremende, kisha anatoa soksi ndefu ya zambarau, nzima, isiyo na tundu, imekunjwa vizuri. Anamkabidhi Gaylene.

"Ufunge mti kwa hii," anasema. "Shingo yake bado laini, usije ukavunjika njiani."

Jillian, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, anamtazama mama yake. "Njiani kwenda wapi, mama?"

"Kwangu, Huonville," Bi Nance anajibu, anavua miwani. "Au mmeshabadili mawazo?"